Vijiti Vine vya Muvumu

Adalbert Bagalwa alikuwa na ugonjwa mumoja, na mutaa muzima ulikuwa unaujua: Jumamosi mara mbili kwa mwezi, badala ya kulala kwenye nyumba yake ya matofali yenye dari na bati jipya, alipakia hema ndani ya gari akaenda kulala porini. Hakufukuzwa na mutu, wala hakutumwa na mutu. Kwa kazi alikuwa mutu wa makaratasi, anayetayarisha faili za duane, yaani forodha, kwa malori yanayovuka mupaka, na juma zima hakusikia kitu kingine ila honi na watu wanaoapa kwamba stempu ilikuwepo jana. Kwa hiyo Jumamosi alitaka miti. Ni hivyo tu, lakini nenda umueleze mutu wa Goma! Watu wa Goma wamekimbia mara ngapi, wamelala chini ya shitingi za wakimbizi mara ngapi, halafu mutu mwenye mushahara anunue hema kwa mapenzi yake mwenyewe. Muke wake, Gisèle, alisema watu wote wanalikimbia pori, yeye peke yake analikimbilia. Akimaliza kusema alimufungia chakula na kumujazia termosi ya chai.

Mwenzake wa safari alikuwa Byiringiro, mwalimu wa jiografia. Huyu alipenda kutembea kuliko Adalbert mwenyewe. Mulima ambao wengine wanaupanda kwa saa tatu aliupanda kwa mbili, tena akizungumza. Lakini kulala ndani ya hema, hapana. Wakati wa vita alipokuwa mwanafunzi alikaa miezi chini ya shitingi kwenye kambi ya Kanyaruchinya, na siku alipotoka alijiapiza kwamba hatalala tena chini ya kitu kinachopigwa na upepo. Kwa hiyo wakifika, Adalbert alisimamisha hema lake dogo la mutu mumoja, na Byiringiro alikunja viti vya gari akalala humo, madirisha yamefungwa. Asubuhi, mumoja alitoka amelowa umande na mwingine amepinda shingo. Kila mumoja alimuonea huruma mwenzake.

Sasa mambo haya yalianzia mwezi wa tatu, mwanzoni mwa mvua. Walikuwa wamepita Sake na Mushaki, wakaacha barabara na kupanda njia ya udongo hadi kilima cha Bitare, mahali malisho yanapoishia na musitu unapoanza. Kilima kile kilikuwa cha shangazi wa Byiringiro, mujane anayeitwa Mukamugema. Siku ile hakuwepo. Alikuwa Rutshuru kwa binti yake aliyejifungua, na ng'ombe walikuwa wamehamishiwa kilima kingine. Alipopigiwa simu alisema waende, pale ni kwao, waegeshe tu. Kwake yeye mutu aliyekuja na gari analala ndani ya gari. Hema halikumupitia hata akilini.

Adalbert alipokunjua hema akakuta hakuna hata msumari mumoja wa kulifunga chini. Watoto wake walikuwa wamechimbia misumari yote uani kule nyumbani, wakicheza machimbo. Byiringiro alikuwa ameshuka kununua makaa ya kupikia kwenye nyumba za chini, na giza lilikuwa karibu. Adalbert akachukua panga, akaenda kwenye ua wa zamani wa ng'ombe, akakata matawi manne ya muti uliokuwa karibu, akayachonga ncha na kuyagongomea chini kwa jiwe, moja kila kona. Akafunga kamba zake za rangi ya chungwa. Alijisifu kabisa. Byiringiro aliporudi hema lilikuwa tayari, na nyasi zilikuwa ndefu, na mutu anayetafuta sufuria haangalii vijiti. Alfajiri mvua ikawapiga. Kamba mbili zilifunguka muzuri, mbili zikakatwa kwa kisu, hema likatupwa ndani ya gari likiwa limelowa, wakakimbia kabla njia haijawa utelezi. Vijiti vikabaki.

Muti wenyewe ulikuwa muvumu. Muvumu, kwa asiyeujua, haukaushwi na panga: ukikata tawi bichi ukalichomeka kwenye udongo wa mvua, hata ukilichomeka kichwa chini, litaota majani. Ndiyo maana watu wa kule wanajengea nao nyua za ng'ombe. Na mutu asiye na sementi ya kujengea kaburi huchomeka mivumu minne kwenye kona zake, ili jembe lisipite pale hata watoto wa watoto wakisahau. Mutu wa milima ile hachomeki muvumu hovyo, kama vile Adalbert kule kazini asivyoweka saini kwenye karatasi tupu. Lakini Adalbert alikuwa wa upande wa Bukavu, muzaliwa wa muji, baba yake karani, babu yake karani. Muti kwake ulikuwa muti.

Miezi sita ikapita. Gari iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Mwezi wa tisa Byiringiro akasema warudi Bitare, na safari hii wabaki Jumapili nzima, maana kuna jambo la familia. Adalbert hakuuliza. Walipokuwa Sake kwenye bariyeri ya barabara, wakiwa wamenawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa homa kwenye paji la uso kwa sababu ya Ebola, ndipo Byiringiro alipomueleza: kaburi la Mahoro limepatikana.

Mahoro alikuwa mutoto wa mwisho wa Mukamugema. Miaka saba iliyopita aliteremuka na formaji, yaani jibini, kumi na mbili kwenda kuziuza Sake, na hakurudi. Hakuna aliyemuona amekufa, hakuna aliyemuona akiwa hai. Wakati ule vijana wengi walipotea, na mama zao, baada ya mwaka, baada ya miwili, walilia kilio wakamaliza. Mukamugema alikataa. Alisema halii mutu ambaye hajamuona. Kila jioni alijaza maziwa kikombe cha muti cha Mahoro, inkongoro yake, akakifunika na kukiweka kwenye ubao karibu na mulango, na kila asubuhi aliwapa mbwa yale maziwa. Alitenga pia ng'ombe ya mahari yake. Ile ya kwanza ilizeeka ikimungoja bwana harusi. Iliyokuwepo sasa ilikuwa binti yake, Gaju, ya rangi ya kahawia, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuitolea bei. Usiku huyu mama hakulala. Alikaa na taa.

Halafu, Byiringiro akaendelea, mama aliporudi kutoka Rutshuru, Juma Takatifu, akaenda kuangalia malisho ya juu, akakuta vijiti vinne vya muvumu vimeota majani. Urefu wa mutu, upana wa mutu. Akaelewa mara moja: aliyemuua Mahoro, au aliyemuona akiuawa, ameshindwa kubeba ile siri, amekuja kimya kumuonyesha mama mahali alipo. Habarurema, ndugu ya marehemu mume wake, alitaka wachimbe wahakikishe. Mama akamukatalia, alisema mutoto amepumuzika, wamuache. Tangu siku ile kile kikombe kinaning'inia ukutani, kichwa chini, na Mukamugema analala. Kesho, Jumapili, katekista atakuja kubariki, watachinja Gaju, wataondoa kilio.

Adalbert alisema ni vizuri, mama apate amani. Alisema hivyo kwa moyo wote. Hakukuwa na kitu kilichomushitua, maana jina la muvumu hakulijua, ameona malisho mengi, na hema alilisimamisha mahali pengi.

Walipofika, saa nne ya asubuhi, Mukamugema aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mwanamuke murefu, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri, na hakuwa mutu wa maneno mengi. Gaju ilikuwa imefungwa peke yake nyuma ya nyumba, ikila majani bila habari. Aliwapa maziwa, wakakaa chini wakanywa, kisha akawapeleka juu.

Adalbert alikuwa anatembea nyuma, akiangalia musitu. Aliliona kwanza jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi, bapa, lenye pembe moja iliyovunjika, na aliwahi kulitumia kama nyundo. Halafu akaiona mivumu, imefika kiunoni, minne, yenye majani mapana. Yote ilikuwa imeinama kidogo kwenda nje. Hakuna mutu anayepanda muti ukiwa umeinama. Kinachochomekwa hivyo ni kile kitakachovutwa na kamba ya hema. Ardhi katikati ilikuwa imepaliliwa safi, imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na upande wa bondeni kulikuwa na shimo dogo lililochimbwa tayari kwa ajili ya musalaba. Maua yaliyowekwa ndani ya kopo la maziwa yalikuwa pembeni yake.

Mukamugema akainama, akafunua majani ya muvumu mumoja ili wageni waone. Kwenye ganda kulikuwa na uzi wa rangi ya chungwa, umezama, muti umeanza kuumeza.

“Muangalie,” akasema. “Alipima na kamba. Hakumutupa tu kama mbwa. Alimupima.”

Byiringiro akavua kofia. Adalbert naye akavua ya kwake, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Mchana ule walipanda musituni kama walivyopanga. Njia ilipita kwanza kwenye miti mikubwa yenye ndevu za kijani, halafu kwenye mianzi iliyosongamana, na juu kabisa ikatokea ukingoni, mahali unaona ziwa upande mumoja na volkeno ya Nyiragongo ikitoa moshi upande mwingine. Ni mahali ambapo Adalbert, siku nyingine, angekaa saa nzima na chai yake. Siku hiyo termosi haikufunguliwa. Byiringiro alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Mara ya tatu Adalbert akamwambia yote: misumari, watoto, panga, jiwe, kamba.

Byiringiro alichuma jani la muanzi akalipasua nyuzi nyuzi. Halafu akamuuliza kama ana hakika, na Adalbert akamwambia hata mafundo aliyafunga mwenyewe. Ndipo mwalimu yule mupole akakasirika. Alimwambia anyamaze. Alimwambia yeye amekuja pale kupunga hewa, kesho anarudi kwake Himbi, Goma, kwa Gisèle, na huyu mama atabaki na nini? Amelala miezi mitano, baada ya miaka saba. Adalbert akajibu kwamba ng'ombe itakufa kesho, kikombe kitaondolewa, na kama Mahoro yuko mahali fulani, Walikale, Uganda, gerezani, basi mama yake atakuwa amemuzika akiwa hai, tena amemuzika ndani ya hema la mutu wa duane. Byiringiro akasema hakuna aliyerudi, hata mumoja. Akasema kama Adalbert anataka kutua muzigo wake, atafute mahali pengine pa kuutua, si kwenye mugongo wa shangazi yake.

Neno hilo lilimuchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani. Adalbert alishuka mulima akilitafuna. Alijua akinyamaza hakuna atakayejua kamwe: muti utameza uzi, mawe yatapakwa chokaa kila Pasaka, na Mukamugema atakufa amelala vizuri. Alijua pia kwamba ni yeye aliyechomeka vile vijiti. Angekuwa mutu mwingine amevichomeka, pengine angenyamaza. Aliogopa sana, na hata hivyo alipofika chini hakwenda kwenye gari.

Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado liko. Mukamugema alikuwa juu kwenye malisho, peke yake, akiokota majani makavu yaliyoangukia kati ya mivumu ili katekista akute pasafi. Adalbert alisimama nje ya mawe. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwa watoto na misumari, kama mutu anayejieleza mbele ya mukubwa wake. Alieleza vibaya. Alirudia mara mbili kwamba ilikuwa inanyesha. Alipofika kwenye kamba alitoa mufukoni kipande alichokata kwenye hema muda mufupi uliopita, rangi ile ile ya chungwa, akakinyoosha mbele yake kwenye kiganja.

Mukamugema hakukipokea. Alikiangalia, akaangalia muvumu, akakiangalia tena. Majani makavu yalikuwa bado mukononi mwake. Kwa mbali Habarurema alisikika akinoa kisu.

“Ulilala hapa,” akasema.

“Ndiyo, mama. Usiku mumoja.”

“Kichwa ulikiweka wapi?”

Adalbert akamuonyesha upande wa musitu. Mukamugema akageuza macho kwenye lile shimo la musalaba, lililokuwa upande mwingine, wa miguu. Adalbert akafikiri ataanguka, au atapiga kelele, au atamulaani. Angekubali lolote kati ya hayo.

“Lala nione,” akasema.

Adalbert hakuelewa, au alijifanya haelewi. Mama akaonyesha kwa kidole katikati ya mivumu minne. Basi akavua viatu, sijui kwa nini alivua viatu, akavuka mawe ya chokaa, akalala chali, kichwa upande wa musitu, mikono mbavuni. Alitosha kabisa. Miguu yake ilifika pale ilipofika mwezi wa tatu, na juu yake majani ya muvumu yalikuwa yanacheza na upepo. Mukamugema akasogea akasimama juu yake, akamuangalia kuanzia miguu hadi uso, polepole, bila haraka, kama mutu aliyeitwa hospitali kutambua maiti. Adalbert alikuwa na miaka thelathini na tano. Mahoro, kama angekuwepo, angekuwa na thelathini na tatu. Adalbert alitaka kufumba macho, akaogopa kuyafumba.

Machozi ya yule mama yalishuka bila sauti. Hayakuwa mengi.

“Ulilala muzuri?” akauliza.

“Nililala muzuri, mama.”

Akatikisa kichwa, kama mutu anayepokea hesabu ambayo haimupendezi lakini ni sawa.

“Amuka, mutoto wangu,” akasema. “Udongo una baridi.”

Akamupa mukono akamuvuta. Kisha akateremuka kwenda nyumbani bila kumungoja, na Adalbert akabaki kutafuta viatu vyake. Alimukuta Byiringiro amesimama karibu na gari. Alikuwa ameona yote kutoka mbali. Kutoka nyuma ya nyumba walimusikia Mukamugema akimwambia Habarurema aifungue Gaju airudishe kwa wenzake. Habarurema aliuliza ana wazimu gani, pombe ya kasiksi imeshapikwa, watu wameshaalikwa, hata kisu kimeshakuwa kikali. Akajibiwa kwamba kasiksi itanyweka tu, na kisu kitakata vitunguu. Habarurema akaendelea kunung'unika, lakini kamba aliifungua.

Halafu wakamuona mama akitoka mulangoni na kile kikombe cha muti. Alikaa kwenye kizingiti akakiosha, ndani na nje, kwa muda murefu, maana miezi mitano ya moshi na vumbi si kidogo. Akaenda kukamua. Akakijaza, akakifunika, akakirudisha kwenye ubao karibu na mulango. Byiringiro aliingia ndani ya gari akafunga madirisha. Hema halikusimamishwa, Adalbert alikunja kiti cha mbele akalala humo humo, viatu miguuni, akisikia mwenzake anavyojigeuza.

Asubuhi wageni walianza kupanda kilima wakiwa wamevaa nguo za kilio. Mukamugema aliwangojea njiani mwenyewe. Aliwaambia kwamba alikosea, kwamba pale juu hakuna mutu, ni mugeni mumoja tu wa Goma aliyepumuzika usiku akaenda zake. Waingie, maziwa yapo, kasiksi ipo. Hakutaja jina la mugeni. Katekista aliuliza afanye nini na maji ya baraka, akaambiwa abariki ng'ombe. Watu walikaa chini, wengine wakiona haya, wakaanza kuzungumza juu ya mvua.

Adalbert alikuwa amekaa pembeni, karibu na ukuta, akitafuta njia ya kuondoka bila kuaga. Mukamugema akamujia na kikombe. Alikuwa amefunga kitambaa chake vizuri kama jana, lakini chini ya macho ngozi ilikuwa nyeusi.

Akamuuliza kama amelala. Adalbert akasema hapana, mama, hakulala.

“Na mimi pia,” akasema, akamukabizi maziwa, akakaa karibu naye mpaka akayamaliza.